Tiketi ya kubashiri mpira inasema nini hasa? Jibu kwa msomaji wa Lubumbashi

«Naendesha pikipiki ya abiria hapa Lubumbashi, komini ya Katuba. Wakati wa Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Côte d'Ivoire, kaka yangu alibashiri kwamba Kongo itaishinda Misri. Tuliwatoa Misri kwa penalti, mtaa mzima ukashangilia, lakini dukani walimwambia tiketi yake imekufa. Mwezi uliopita nami nilianza. Nilichagua mechi tano kwa faranga 2,000. Nne ziliingia, moja ikakataa, sikupewa hata faranga moja. Naona kama wanatuibia. Naomba unifafanulie maneno yale yaliyoandikwa kwenye tiketi: 1X2, double chance, plus de 2,5, handicap, cote, combiné. Je, ni kweli kwamba cote ya 1.20 ni ya uhakika? Nauliza kwa sababu nina pesa ya minerval (ada ya shule) ya mtoto, itakayolipwa mwisho wa mwezi, na marafiki wananishauri niizungushe kwanza kwenye mechi za uhakika.»

Ndugu yangu, nashukuru kwamba umeuliza kabla ya mwisho wa mwezi kufika. Nianze na jambo lisiloweza kusubiri: pesa ya minerval ipeleke shuleni, uchukue risiti yako, kisha uendelee kusoma jibu hili ukiwa na moyo uliotulia. Mechi ya uhakika haipo, na huko chini nitakuonyesha kwa hesabu kwamba kuzungusha pesa katika odi ndogo (odi ndiyo ile «cote», namba inayozidishwa na dau lako) ni njia mojawapo ya haraka ya kuipoteza. Kuhusu kuibiwa, kwa maelezo uliyonipa sioni dalili kwamba wewe au kaka yako mlidhulumiwa. Kila mmoja wenu alilipia kitu kimoja huku akidhani amelipia kingine, na jambo hilo huwapata karibu watu wote wanaoanza, kwa sababu tiketi huuzwa kwa haraka na maneno yake hayaelezwi na mtu.

Kila mstari wa tiketi ni swali lenye mipaka yake. Swali linahusu dakika zipi? Linahesabu nini? Ni timu ipi iliyoandikwa kwanza? Mtu akishayajua haya matatu, maneno mengi yanayoonekana magumu hufunguka yenyewe.

Tuchukue swali la kaka yako. Katika 1X2, namba 1 ni ushindi wa timu iliyoandikwa kwanza, ambayo kwa kawaida ndiyo mwenyeji. Namba 2 ni ushindi wa timu iliyoandikwa ya pili. Na X ni sare. Mechi ikichezwa katika uwanja usio wa timu yoyote kati ya hizo mbili, mpangilio wa majina ndio unaoamua nani ni 1 na nani ni 2, kwa hiyo usibonyeze kwa mazoea. Jambo lililomponza kaka yako ni mpaka wa muda. Swali la 1X2 hujibiwa na dakika 90 pamoja na zile za majeruhi ambazo mwamuzi huongeza mwishoni mwa kila kipindi. Zile dakika 30 za nyongeza, na mikwaju ya penalti inayofuata, hazihesabiwi kabisa, isipokuwa pale ambapo tiketi yenyewe inasema wazi kwamba zinahesabiwa.

Tarehe 28 Januari 2024, mjini San-Pédro, Meschack Elia alitufungia bao, Misri wakasawazisha kwa penalti kabla ya mapumziko, na dakika 90 zikaisha 1-1. Dakika 120 nazo zikaisha 1-1. Kisha ikaja mikwaju ile ambayo kipa wetu Lionel Mpasi aliimaliza kwa kufunga mwenyewe, tukashinda 8-7. Kwa waandaaji wa mashindano, Kongo ilipita. Kwa tiketi ya 1X2, jibu sahihi lilikuwa X, na aliyeandika kwamba Kongo itashinda alikuwa amekosea sawa na yule aliyeandika kwamba Misri itashinda. Kama kaka yako alitaka kusema kwamba Kongo itasonga mbele kwa njia yoyote ile, alipaswa kutafuta mstari mwingine unaouzwa peke yake, ambao kwa Kifaransa huandikwa «se qualifie». Odi ya mstari huo huwa ndogo kuliko ya ushindi wa dakika 90, kwa kuwa una njia nyingi zaidi za kutimia. Hali hiyohiyo iliwakuta watu wengi duniani katika fainali ya Kombe la Dunia ya 2022: Ajentina walibeba kombe, lakini baada ya dakika 90 wao na Ufaransa walikuwa 2-2, na tiketi iliyosema Ajentina itashinda ndani ya muda wa kawaida haikulipwa.

Naomba tubaki kidogo kwenye mashindano yale ya Côte d'Ivoire, kwa sababu unayakumbuka vizuri na yanafundisha zaidi ya mifano ya kubuni. Leopards, timu yetu ya taifa, walicheza mechi saba. Walitoka 1-1 na Zambia, 1-1 na Moroko, 0-0 na Tanzania, 1-1 na Misri, wakaifunga Guinea 3-1 katika robo fainali, wakafungwa 1-0 na wenyeji katika nusu fainali, kisha wakatoka 0-0 na Afrika Kusini kabla ya kupoteza nafasi ya tatu kwa penalti. Timu iliyofika nne bora barani Afrika ilishinda mechi moja tu ndani ya dakika 90. Mzalendo aliyeweka pesa kila mara kwamba Kongo itashinda alipata mara moja katika saba, katika mashindano ambayo sote tulitoka tukijivunia vijana wetu. Hapa Lubumbashi, ambako mtu huzaliwa akiwa wa Mazembe au wa Lupopo, ninalisema hili kwa uzito: mapenzi kwa timu hayakusaidii kukisia matokeo, na mara nyingi hukuvuta mbali na ukweli.

Sasa «double chance» itakuwa rahisi kwako. Ni kununua majibu mawili kati ya matatu kwa mpigo. 1X maana yake timu ya kwanza ishinde au itoke sare. X2 maana yake timu ya pili ishinde au itoke sare. 12 maana yake mojawapo ishinde, sare tu ndiyo inayokuangusha. Mtu aliyesema kila mara kwamba Kongo haitafungwa ndani ya dakika 90 angepata mechi sita kati ya saba. Usikimbilie kusema kwamba hiyo ndiyo siri. Odi ya kutofungwa huwa ndogo kwa sababu hiyohiyo, na ni rahisi mno kutazama nyuma na kuona njia ambayo siku ya mechi hakuna aliyeiona. Kuna pia ndugu yake, ambapo ukichagua timu ishinde na mechi ikatoka sare, unarudishiwa dau lako lote bila faida. Tafuta maneno «remboursé si match nul».

«Plus de 2,5» na «moins de 2,5» huuliza jumla ya mabao ya timu zote mbili, bila kujali nani kashinda. Watu huniuliza nusu ya bao inatoka wapi. Imewekwa makusudi ili jibu lisikae katikati: mabao mawili yako chini ya 2.5, mabao matatu yako juu, na hakuna mechi inayoweza kuishia kwenye mstari wenyewe. Ukikuta mstari ulioandikwa 2 au 3 bila nusu, jumla ikilingana kabisa na namba hiyo unarudishiwa dau. Mpaka wa dakika 90 unafanya kazi hapa pia, na fainali ile ya 2022 ilizaa mabao sita, lakini kwa tiketi yalikuwa manne. Mstari wa «les deux équipes marquent» nao huuliza tu kama kila timu itapata angalau bao moja. 1-1 ni ndiyo, 4-0 ni hapana.

Handikapu ndiyo inayowachanganya watu kuliko mengine, basi twende polepole. Ni kuiongezea au kuipunguzia timu mabao ya karatasi kabla mpira haujaanza, ili mechi isiyo na ulingano iwe na ushindani kwenye tiketi. Tuchukue nusu fainali, Côte d'Ivoire 1, Kongo 0. Aliyechagua Côte d'Ivoire kwa −0.5 alishinda, kwa kuwa ukitoa nusu bao katika moja bado wanabaki mbele. Aliyewachagua kwa −1.5 alipoteza, kwa kuwa walihitaji kushinda kwa tofauti ya mabao mawili. Aliyewachagua kwa −1 alirudishiwa dau lake, kwa kuwa bao moja likitolewa mechi inakuwa 0-0. Aliyesimama upande wetu kwa +1.5 alishinda ingawa Kongo ilifungwa uwanjani.

Yapo mambo mawili ya kuangalia hapa. Kwanza, namba kama −0.75 inagawa dau lako katikati: nusu inakwenda kwenye −0.5 na nusu kwenye −1. Kama uliweka faranga 2,000 kwa Côte d'Ivoire −0.75 kwa odi ya 1.90, faranga 1,000 za kwanza zilishinda na kurudi zikiwa 1,900, na 1,000 za pili zilirudishwa zilivyo, jumla 2,900. Mtu asiyejua hili akipewa 2,900 badala ya 3,800 aliyoitarajia hudhani muuzaji amemega. Pili, kuna handikapu ya aina nyingine inayoandikwa 0:1 au 1:0, ambayo ina majibu matatu, sare ikiwemo. Ukisema Côte d'Ivoire ishinde kwa handikapu ya 0:1, mechi ile inakuwa 1-1 kwenye karatasi, jibu linakuwa X, na dau lako linapotea lote bila kurudishwa. Kwa macho ya haraka −1 na 0:1 vinafanana. Kwenye malipo vinatofautiana kabisa, na kwa uzoefu wangu ugomvi mwingi wa madukani huanzia hapa.

Mistari mingine nitaipita haraka. «Mi-temps / fin de match» hutaka useme hali ya mapumziko na hali ya mwisho kwa pamoja. Mechi yetu na Guinea ilikuwa sare wakati wa mapumziko, 1-1, kisha Kongo ikashinda. Kuna majibu tisa yanayowezekana, ndiyo maana odi zake ni kubwa. «Score exact» ni kutaja matokeo kamili, na ugumu wake hauhitaji maelezo. «Cash out» ni kuiuzia kampuni tiketi yako kabla mechi haijaisha, kwa bei wanayoipanga wao, na katika bei hiyo wamekwisha kujikatia tena sehemu yao. Mechi ikiahirishwa, kanuni za kampuni nyingi huusubiri mchezo kwa muda fulani, na usipochezwa mstari huo hupewa odi ya 1.00, maana yake hauongezi wala haupunguzi; muda wa kusubiri hutofautiana, basi usome kanuni za kampuni unayocheza nayo.

Tufike kwenye odi, ambayo kwenye tiketi za hapa kwetu huandikwa «cote», kwa sababu swali lako la 1.20 linakaa hapo. Odi ni namba inayozidishwa na dau lako ili kupata jumla utakayopewa ukishinda, dau lako likiwa ndani yake. Faranga 2,000 kwa odi ya 1.20 hurudi 2,400, na faida yako ni 400. Ukigawa 1 kwa odi, unapata uwezekano unaodokezwa na bei hiyo: 1 gawa kwa 1.20 ni takriban asilimia 83. Hata kampuni yenyewe, basi, haisemi kwamba jambo hilo ni la uhakika. Inasema kwamba linaweza kukataa karibu mara moja katika kila sita. Na tazama uzito wa mara hiyo moja: ukipoteza faranga 2,000, unahitaji kushinda mara tano mfululizo kwa faida ya 400 ili urudi pale ulipokuwa, na bado hujapata kitu.

Tena asilimia hiyo imekuzwa kidogo. Chukua odi za mfano, nilizozitunga ili tuhesabu pamoja: timu ya kwanza 2.10, sare 3.00, timu ya pili 3.70. Geuza kila moja kuwa asilimia: 47.6, kisha 33.3, kisha 27.0. Ukijumlisha unapata karibu 108, wakati ambapo majibu yote yanayowezekana hayawezi kuzidi 100. Zile 8 za ziada ndiyo sehemu ya kampuni. Tuseme wateja wameweka faranga 47,600 kwenye timu ya kwanza, 33,300 kwenye sare na 27,000 kwenye timu ya pili. Kampuni imekusanya 107,900. Zidisha kila kundi kwa odi yake na utaona kwamba jibu lolote likitokea italipa karibu 100,000, na itabaki na karibu 8,000 bila kujali nani ameshinda. Katika kazi ya kila siku madau hayajipangi vizuri hivyo, ndiyo maana odi hupanda na kushuka kadiri pesa zinavyoingia na habari za majeruhi zinavyofika, lakini ziada ile haiondoki. Ni kama mama anayeuza unga katika soko la komini ya Kenya hapa Lubumbashi: hajui nyumba itakayopika leo, lakini kila kopo analouza limekwisha kubeba faida yake.

Watu wengi huamini kwamba odi hujua matokeo, na kwamba odi ikishuka ghafla basi mechi «imepangwa». Odi ni bei iliyotokana na makisio na pesa za watu. Inaweza kuwa makisio mazuri, na mara nyingi ni mazuri kuliko yako na yangu, kwa sababu kampuni zina wataalamu na kompyuta zinazofuatilia maelfu ya mechi. Kwa hiyo anayeanza anashindana na upande wenye taarifa nyingi zaidi, na juu ya hayo anailipa ile ziada kila mara anapocheza.

Sasa tiketi yako ya mechi tano. Hiyo ni «combiné»: mistari kadhaa iliyofungwa pamoja kuwa dau moja, ambapo odi zinazidishwa zenyewe kwa zenyewe, na mstari mmoja ukikataa tiketi yote inakufa. Tuseme odi zako zilikuwa 1.45, 1.60, 1.80, 1.50 na 1.90. Zikizidishwa zinafika 11.90, na faranga 2,000 zinaonekana zitakuwa karibu 23,800. Namba hiyo ya mwisho, inayochapwa kwa herufi nene chini ya tiketi, ndiyo inayobaki kichwani mwa mnunuzi. Nne kuingia katika tano hakukuletei sehemu yoyote ya malipo, kwa sababu ulinunua swali moja tu: je, yote matano yatatimia? Jibu lilikuwa hapana. Ungekuwa umecheza mistari mitano mmoja mmoja, kila mmoja kwa faranga 400, ule mmoja ungekupotezea faranga 400 tu na mingine minne ingelipwa.

Kuna jambo zito zaidi katika kuzidisha huku, nami naliona ndilo la kulielewa kuliko yote niliyoandika. Odi zinapozidishwa, sehemu ya kampuni nayo inazidishwa. Kama katika mstari mmoja kila faranga 100 zinazochezwa hurudi kwa wateja kwa wastani zikiwa 93, basi katika tiketi ya mistari miwili hurudi 86 na nusu, katika mitano hurudi takriban 70, na katika kumi hurudi 48. Tiketi ndefu inayotoa matumaini makubwa ndiyo inayomtajirisha muuzaji zaidi, na hii ndiyo sababu kampuni hutoa bonasi kwa anayerefusha tiketi. Bonasi za kujiunga nazo huja na masharti, kama vile kuicheza pesa hiyo mara kadhaa kwa odi isiyopungua kiwango fulani kabla ya kuruhusiwa kuitoa; zihesabu kwa njia hii hii uone kinachobaki.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa ushauri wa marafiki zako. Mechi tano za 1.20 hufanya odi ya karibu 2.49. Hata tukiikubali asilimia 83 ya kila mechi bila kutoa ile ziada, uwezekano wa zote tano kuingia ni takriban asilimia 40. Minerval ya mwanao ingepotea mara sita katika kila kumi, na sidhani kwamba rafiki yeyote kati ya hao angejitolea kwenda kuzungumza na mkuu wa shule kwa niaba yako.

Utasikia pia ushauri wa kuongeza dau mara mbili kila unapopoteza, kwa hoja kwamba siku moja lazima utashinda na kurudisha vyote. Anza na faranga 1,000 kwa odi ya 2.00 na upoteze mara saba mfululizo, jambo linalowatokea watu kila msimu: utakuwa umetoa 127,000, na dau linalofuata ni 128,000, yote hayo ili upate faida ya 1,000. Timu iliyofungwa mara tatu haina deni la ushindi kwa mtu yeyote. Kuhusu wanaouza «mechi zilizopangwa» kwenye WhatsApp, njia yao ni nyepesi: kundi moja la wateja huambiwa timu A, kundi la pili sare, la tatu timu B. Moja ya makundi hayo lazima litapata, na watu wa kundi hilo ndio watakaoombwa pesa kubwa zaidi wiki inayofuata, wakiwa na ushahidi mkononi kwamba jamaa «anajua».

Je, uache kabisa? Mimi ningekushauri hivyo, kwa kuwa umeingia ukitafuta kipato, na mchezo huu haukuundwa kumpa mteja kipato. Wapo wachache sana duniani wanaopata faida kwa muda mrefu. Wanaifanya kama kazi ya kutwa, kwa takwimu nyingi na mtaji ambao hawautegemei kwa chakula, na kampuni nyingi huwapunguzia kiwango cha dau zikishawatambua. Ukiamua kuendelea kama burudani, cheza mstari mmoja mmoja, kwa kiasi ambacho ungekitoa kwa kinywaji cha kutazamia mechi na usikihesabu tena, usikope, na usiongeze dau baada ya kupoteza. Usimtume mtoto kukuchezea tiketi, kwani asiyefikisha miaka 18 hapaswi kuuziwa. Karatasi ya tiketi huchapwa kwa joto, na ukiiacha mfukoni mwa koti juani siku nzima maandishi yake hufifia. Ipige picha mara unapoipokea, namba zake za siri zikionekana, na uzifiche watu wengine wasizione. Ukiona umelipwa pungufu, nenda na picha hiyo, taja mstari wenyewe na dakika unazohesabia, na umwombe msimamizi wa duka akuonyeshe kanuni iliyoandikwa. Akikataa kukuonyesha kanuni, au tiketi iliyoshinda ikiendelea kutolipwa, hapo una haki ya kulalamika kwa mamlaka ya serikali inayosimamia michezo ya bahati, ukiwa na ushahidi wako.

Kuna hali moja ambayo maelezo yangu hayatoshi. Ukijikuta unamficha mke wako kiasi ulichocheza, unakopa ili urudishe kilichopotea, unashindwa kulala ukifuatilia mechi za nchi ambazo hujui hata timu zake, au umejaribu kuacha na kila mara unarudi, tambua kwamba Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari katika orodha yake ya magonjwa, na kwamba unatibika. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, au hospitali ya Jason Sendwe, umwombe daktari akuelekeze kwa mtaalamu wa afya ya akili, na umweleze wazi madeni na mawazo yote uliyo nayo, hasa kama umewahi kuwaza kujidhuru. Katika hali hiyo usingoje kesho na usiende peke yako. Wakati unasubiri matibabu, mkabidhi mtu unayemwamini nyumbani namba ya siri ya akaunti yako ya pesa kwa simu, aibadilishe mbele yako, na uiombe kampuni ya kubashiri iifunge akaunti yako.